Asiyekunywa Hana Risiti

Aliyelipa ada ana risiti. Aliyechanjwa ana kadi. Asiyekunywa pombe hana karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba jana hakunywa, wala juzi, wala siku ile ya harusi ya mdogo wake ambapo ukumbi mzima ulikunywa. Siku kipimo kikisema amekunywa, anabakiwa na neno moja la kujitetea, "Sijanywa," na neno hilo hilo ndilo la kwanza kutoka kinywani mwa mlevi.

Nimelisikia kwa watu wa namna zote mbili. Nilikuwa muuguzi katika kliniki ya mgodi mmoja wa dhahabu Kanda ya Ziwa, na pale kila anayeingia kazini hupuliza. Mabasi ya wafanyakazi hufika getini alfajiri, watu wanashuka na vibegi vyao na kofia ngumu, wanapanga mstari, kila mmoja anapewa mrija mpya, anavuta pumzi na kupuliza mpaka mashine ilie. Sheria ya usalama barabarani ya nchi yetu humvumilia dereva wa kawaida hadi miligramu 80 za kileo katika mililita 100 za damu. Mgodi haumvumilii mtu hata kidogo. Ni sifuri, basi. Naunga mkono sifuri hiyo kwa moyo wote. Lori la shimoni hubeba tani mia na zaidi za mawe, na dereva wake, kwa jinsi alivyo juu, hamwoni mtu aliyesimama karibu na tairi. Anayepanda pale na pombe kichwani anachezea roho za wenzake.

Kwa hiyo sina ugomvi na kipimo. Ugomvi wangu ni kuhusu yale yanayotendeka baada ya mashine kulia.

Kulikuwa na dereva mmoja ambaye wenzake walimwita Mchungaji. Hakuwa mchungaji, alikuwa mzee wa kanisa, na kanisa lao linakataza pombe kabisa. Kwa umri angeweza kuwa baba yangu. Asubuhi moja aliletwa kliniki akisindikizwa na mlinzi, na mlinzi ameshika vijikaratasi viwili vilivyotoka kwenye mashine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wanasema nimelewa."

"Sista, amepuliza mara mbili," mlinzi akadakia. "Zote mbili zimesoma."

Nilivitazama vile vijikaratasi. Cha kwanza kilisoma 0.062, yaani gramu za kileo katika mililita 100 za damu. Cha pili kilisoma 0.038. Saa iliyochapwa juu yavyo ilionyesha kwamba kati ya pumzi ya kwanza na ya pili zilipita dakika tatu tu. Kwa mlinzi, hivi vilikuwa vithibitisho viwili vya kosa moja. Kwangu, cha pili kilikuwa kinamtetea mzee dhidi ya cha kwanza.

Ini la mtu mzima hupunguza kileo katika damu kwa takriban 0.015 hadi 0.020 kwa saa. Wapo wanaokwenda kasi zaidi na wapo wa polepole, lakini hakuna ini linaloharakishwa kwa kahawa, wala maji baridi, wala supu ya mbuzi. Ili damu ishuke kutoka 0.062 hadi 0.038 inahitaji zaidi ya saa nzima. Kilichoshuka kiasi hicho ndani ya dakika tatu hakikuwa kwenye damu. Kilikuwa mdomoni, na kilikuwa kinakauka.

"Mzee, asubuhi hii umeweka nini mdomoni?"

"Dawa ya jino tu." Akatoa mfukoni chupa ndogo. Alikuwa ameng'olewa jino wiki hiyo, akapewa dawa ya kusukutua, akaambiwa asukutue asubuhi, mchana na usiku. Ya asubuhi alisukutua ndani ya basi walipokaribia geti, akatema dirishani, akafuta midomo, akashuka. Kwenye lebo, kwa herufi ambazo hata mimi nilizisogeza karibu na taa, dawa ile ilikuwa imeorodheshewa kileo. Dawa nyingi za kusukutua zinacho. Mzee alikuwa ameifuata amri ya tabibu kwa uaminifu ule ule aliokuwa akifuata nao amri za kanisa lake.

Inafaa kueleza mashine inafanya nini, kwa sababu watu wengi niliofanya nao kazi, hata baadhi ya walioishika kila siku, walidhani inanusa ulevi. Mashine haijui ulevi. Ndani yake kuna seli ndogo yenye vibamba vya platini. Hewa yenye kileo ikigusa platini, kileo kinaungua kikemia na kutoa umeme kidogo, na kadiri kileo kilivyo kingi ndivyo umeme unavyoongezeka. Vipimo vya kale vilifanya kazi kwa njia nyingine. Kile alichokibuni Robert Borkenstein huko Indiana, Marekani, mwaka 1954 kilitumia kemikali iliyobadilika rangi. Lakini msingi wa hesabu ni mmoja hadi leo. Inachukuliwa kwamba mililita 2,100 za pumzi kutoka ndani kabisa ya mapafu zina kileo sawa na mililita moja ya damu. Mashine hupima pumzi, kisha hutumia uwiano huo kusema damu ina nini.

Hesabu hiyo inasimama endapo tu hewa imetoka mapafuni. Kileo kilichoganda kwenye ufizi, kwenye shimo la jino lililong'olewa, chini ya meno ya bandia, kinaingia kwenye mrija pamoja na pumzi, na mashine inakihesabu kana kwamba kimepanda kutoka kwenye damu. Tone dogo linazidishwa mara maelfu. Ndiyo maana taratibu nzuri za upimaji, za polisi na za viwandani, hudai mtu asubiri dakika 15 bila kula, kunywa, kuvuta sigara wala kutapika, akiwa anatazamwa, ndipo apulize tena. Kileo cha mdomoni huondoka kwa kawaida ndani ya muda huo. Cha damuni kinabaki.

Tulisubiri. Nilimpa kiti, nikachukua damu yake wakati huo huo, na dakika 15 zilipotimia alipuliza mashine ya kliniki. Ikasoma 0.000. Nikaijaribu tena. Ikasoma 0.000.

Mlinzi alifurahi kweli, nakumbuka, akampa mzee mkono. Na kama hadithi ingeishia pale nisingekuwa na sababu ya kuiandika.

Lakini mzee alikuwa amesimamishwa pembeni ya mstari, mbele ya mabasi matatu ya watu. Wote waliona ametolewa. Hakuna aliyeona sifuri, kwa sababu sifuri ilisomwa ndani ya chumba chenye mlango uliofungwa. Kabla shifti haijaisha, habari ilikuwa imefika mjini: Mchungaji kakamatwa na pombe. Mtaani watu wana methali yao tayari, lisemwalo lipo, kama halipo laja, na sijapata kusikia methali inayotumika kwa ukatili kuliko hiyo. Mkewe aliulizwa sokoni. Kanisani aliombwa, kwa upole, apumzike kufundisha darasa la vijana mpaka jambo litulie.

Alirudi kwangu kuomba barua. Hakuomba fidia wala radhi. Alitaka karatasi moja yenye muhuri inayosema kwamba siku fulani alipimwa na hakuwa na pombe. Nilimpeleka mwenyewe kwenye ofisi iliyohusika. Jibu walilotupa bado naliona kuwa moja ya majibu ya dhuluma kubwa niliyowahi kusikia yakitolewa kwa sauti ya kawaida. Mzee, hukushtakiwa. Kwa kuwa hukushtakiwa, hakuna cha kukusafisha.

Fikiria maana yake. Angepatikana na hatia, kungekuwa na jalada, kikao, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, barua ya onyo, haki ya rufaa. Kwa kuwa hakuwa na hatia, hakuwa na chochote. Na kwenye daftari la getini ile 0.062 ilibaki imeandikwa kwa kalamu nyekundu, bila neno pembeni.

Tangu siku hiyo nilianza kuvifuatilia vipimo vya getini kwa makini, na kadiri nilivyosoma na kuuliza ndivyo nilivyoona njia ni nyingi za mtu asiyekunywa kuonekana amekunywa. Baadhi ya dawa za kikohozi zina kileo. Baadhi ya dawa za pumu za kuvuta nazo zinacho. Mkate uliotoka tanurini na ukaliwa papo hapo unaweza kuacha dalili mdomoni kwa dakika chache, kwa sababu hamira ni hamira, kazi yake ni kugeuza sukari kuwa kileo na hewa. Togwa, ambayo mama zetu huwapa watoto, ikikaa siku ya pili na ya tatu inazidi kuchacha, na mtu anaweza kuinywa kwa dhamiri safi kabisa akiwa njiani kwenda kazini.

Kisha ukaja mwaka 2020 na korona. Kila geti la kila kiwanda liliwekewa kitakasa mikono, na getini kwetu kiliwekwa pale palipoonekana pana mantiki, mezani, sentimita chache kutoka kwenye mashine. Mtu anapaka, mikono bado imelowa, anashika mrija, anapuliza. Vitakasa mikono vingi ni kileo kwa zaidi ya nusu yake. Mvuke wake ulikuwa unaingia kwenye mashine kabla ya pumzi. Wiki kitakasa kilipowekwa waliletwa kliniki watu ambao sikuwahi kuwaona pale, akiwemo mama mmoja wa jikoni, Mwislamu, aliyelia kwa uchungu usiofichika. Alisema kwamba angependelea kuambiwa ameiba. Meza ilipohamishwa upande wa pili na watu wakaagizwa wasubiri mikono ikauke kabisa, wimbi lile lilikatika.

Wauguzi wenzangu wa Marekani walikwisha kuonja shubiri hii miaka mingi kabla yetu. Huko, wahudumu wa afya walio chini ya uangalizi baada ya matatizo ya ulevi hupimwa mkojo kutafuta ethili glukuronidi, mabaki ambayo mwili hutengeneza unapokutana na kileo. Kipimo hicho kina jicho kali mno. Mwaka 2006 taasisi ya serikali ya nchi hiyo inayoshughulikia afya ya akili na uraibu ilitoa tahadhari kwamba kisitumike peke yake kumhukumu mtu. Mwaka 2011 watafiti wa Florida wakiongozwa na Gary Reisfield walichapisha jaribio ambalo watu 11 walipaka kitakasa mikono kila baada ya dakika 5, kwa saa 10 kwa siku, siku 3 mfululizo. Hawakunywa hata tone, na mabaki yale yakaonekana kwenye mkojo wao. Muuguzi wa wodi yenye shughuli nyingi hufanya karibu jambo hilo hilo na kuliita kazi.

Lipo pia jambo la mwili wenyewe. Mwaka 2007 wanasayansi wawili wa Sweden, A. W. Jones na S. Rössner, walieleza kisa cha mwanamume wa miaka 59 aliyekuwa akijinyima chakula ili apunguze uzito. Gari lake lilikuwa na kifaa kinachokataa kuliwasha hadi dereva apulize na kuonekana hana pombe. Likakataa. Alikuwa mtu asiyekunywa kabisa. Mwili ulionyimwa chakula huchoma mafuta na kutoa asetoni, na ini linaweza kuigeuza asetoni hiyo kuwa isopropanoli, aina ya kileo ambayo seli ya platini huijibu vilevile. Nilipokisoma kisa kile niliwafikiria mara moja watu wa kwetu wanaofunga na kuomba kwa siku kadhaa mfululizo, kisha Jumatatu wanapanda basi la kazini. Niliwafikiria pia wagonjwa wa kisukari ambao sukari yao haijadhibitiwa, maana nao miili yao hutoa asetoni. Kwao kusoma huko kwa mashine kunaweza kuwa dalili ya kuwahi hospitali, na anayewafukuza getini anawafukuza kutoka kwenye matibabu.

Na ipo hali adimu sana ambapo fangasi au bakteria wa tumboni huigeuza wanga kuwa pombe ndani ya mwili, hadi mtu akalewa kwa wali na viazi. Mwaka 2024 mahakama ya Bruges, Ubelgiji, ilimwachia huru dereva aliyethibitishwa na madaktari kuwa na hali hiyo. Naitaja kwa haraka, kwa sababu wakili yeyote wa mlevi angependa kuikumbatia. Katika miaka yangu yote ya kazi sijamwona mgonjwa wake hata mmoja. Dawa ya kusukutua nimeiona mara nyingi.

Kuna hesabu nyingine ambayo wakubwa wa usalama hawapendi kuifanya. Tuseme watu elfu moja wanapuliza alfajiri moja, na kati yao watano tu wamekunywa. Tuseme pia kwamba mdomo, dawa na mvuke kwa pamoja huidanganya mashine kwa watu watano katika kila elfu. Mashine hiyo ni nzuri ajabu, inapatia mara 995. Hata hivyo asubuhi hiyo watu kumi watatolewa mstarini, na watano kati yao hawana kosa. Kadiri mahali panavyokuwa na wanywaji wachache, ndivyo sehemu ya wasio na kosa inavyozidi kuwa kubwa miongoni mwa wanaokamatwa. Kwenye mgodi wenye nidhamu, mtu anayeonyeshwa kidole anastahili kushukiwa kidogo zaidi kuliko anavyoshukiwa mtu aliyekamatwa nje ya baa usiku wa manane. Kwetu ilikuwa kinyume chake.

Jambo ambalo ningependa kila mfanyakazi alijue ni la saa. Damu ndiyo shahidi mkuu, ikipimwa kwenye maabara yenye mtambo unaotenganisha kileo kimoja na kingine, kama ile ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ina ofisi ya kanda Mwanza. Lakini damu ya mchana haina msaada kwa mtu aliyepuliza alfajiri. Ikitoka safi, watakuambia pombe ilishatoka, na watakuwa na haki ya kusema hivyo. Ucheleweshaji humfaa aliyekunywa, kwa sababu kila saa inayopita inamsafisha, na humwumiza asiyekunywa, kwa sababu kila saa inayopita inamnyang'anya shahidi. Asiyekunywa ndiye anayepaswa kuharakisha, na mara nyingi ndiye anayenyamaza. Nimeona mara nyingi kwamba mlevi hupiga kelele getini, naye mtu safi hupigwa na butwaa, anakaa, anasubiri ukweli ujitokeze wenyewe.

Mabadiliko yalikuja polepole, na sikuyaleta peke yangu. Daktari wetu aliyasimamia, na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyapigania kwenye vikao ambavyo mimi sikuitwa. Mtu akisomwa na mashine aliingizwa ndani, mahali ambapo foleni haimwoni. Aliulizwa amekula nini, ametumia dawa gani, amefunga tangu lini. Alipewa maji asukutue, akasubiri dakika 15 chini ya macho ya mtu, akapuliza mashine tofauti. Kama bado ilisoma, damu ilichukuliwa hapo hapo. Namba ya kwanza iliandikwa daftarini kama dalili, na pembeni yake ikaachwa nafasi ya namba ya pili. Na barua ilipatikana. Mistari mitatu, tarehe, muhuri, anapewa mhusika kabla hajapanda gari la kwenda shimoni, aombe asiombe. Hilo la aombe asiombe ndilo lililochukua muda mrefu kuliko yote.

Mchungaji alipata yake, imechelewa kwa miezi. Aliisoma kanisani mwenyewe, nikaambiwa, na wiki iliyofuata alikuwa mbele ya vijana wake.

Baadaye ukaja mtihani ambao sikuutarajia. Kijana wa karakana, fundi matairi, alisomwa na mashine Jumatatu alfajiri. Huyu kila mtu alijua kwamba hunywa, naye hakuficha. Alikuwa na mafua, na dakika chache kabla ya geti alikuwa amekunywa dawa ya kikohozi. Baada ya kusubiri alipuliza, ikasoma 0.000. Afisa aliyekuwa zamu alimruhusu aende kazini, ila barua akakataa kuiandika.

"Huyu tunamjua," alisema.

Mchungaji alikuwa kliniki asubuhi hiyo kupima presha. Alisikia, akauchomoa mkono wake kwenye kipimo kabla sijamaliza, akaenda mpaka mlangoni.

"Na mimi mlinijua," akamwambia yule afisa. "Mlinijua miaka yote, na haikunisaidia kitu. Mwandikie mtoto barua yake."

Afisa alisema kijana mwenyewe hajaiomba. Mzee akajibu kwamba utaratibu hausemi aombe. Walibishana mpaka dereva wa gari la karakana akapiga honi, na nakumbuka yule kijana alisimama kati yao akiona aibu, akisema, "Mzee, acha tu, mimi naenda." Mzee hakuacha. Barua ikaandikwa, mistari mitatu, ikagongwa muhuri, na mimi nikatoa nakala kwa ajili ya jalada.